Wifi Yetu Aliyeuombea Mtaa Matuta

Ndugu waombolezaji, nilikuwa naanua nguo, nyingine bado mbichi, jirani akaniita kwa sauti iliyonifanya niziache kwenye kamba, akasema wifi yangu amegongwa na gari mlangoni pake, na ndiyo maana leo nimesimama hapa kwa niaba ya familia kuwasomea maisha yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, mtoto wa tatu wa fundi bomba na mkunga, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997, kisha akajifunza ushonaji, na tangu Januari 2001 alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, hata tukamwita Mama Sare.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 2004 na dereva wa lori, wakajaliwa mabinti wawili, mumewe akatangulia mwaka 2016, na mimi nilipoolewa na kaka yake alinipokea kwa kusema, "Wifi, kupika hujui, lakini kufua tutakupa," utani tulioendelea nao hadi wodini alipolazwa.

Mwaka 2021 mtaa ulimchagua mwenyekiti wa kamati, kwa sababu magari yanayokwepa foleni ya barabara kuu yalikuwa yakipita kwetu kama yanakimbizwa, akaenda manispaa mpaka walinzi wakamzoea, hatimaye likapatikana fungu la kupunguza magari mitaani, la matuta na vizuizi vya zege, ila likatosha mtaa mmoja kwa mwaka ule. Tukaambiwa tuchague. Yeye akasema waanze na mtaa wa shule, watoto ndio wengi kule, sisi tungoje mwaka unaofuata, nasi sote tukanyoosha mikono. Vizuizi vilipowekwa kule madereva hawakuyaacha magari nyumbani, walihamia kwetu, na mwaka uliofuata tukajibiwa kwamba fungu limekwenda kupanua barabara kuu. Wapo waliompigia kelele dirishani, "Mwenyekiti, umegawa kivuli ukatuachia jua!" naye akiwa kwenye cherehani akawajibu kwamba akiulizwa tena atachagua shule, na wanaotaka kugombana walete kwanza nguo zao apime.

Tarehe 3 Juni mwaka huu, alasiri, alikuwa akipeleka sare kwa mteja wa ng'ambo ya barabara yetu, ambayo upana wake haufiki vyumba viwili, akagongwa huku binti yake mdogo akimtazama, nyonga ikavunjika, figo zikashindwa, akafariki asubuhi ya tarehe 21.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliombeba kwenye mlango uliong'olewa ukawa machela, na mafundi cherehani wenzake mliomalizia sare za watu. Waheshimiwa wa manispaa, asanteni kwa shada, lakini tukitoka hapa magari yatakuwa yanapita palepale, na mimi sina neno jipya la kuwaomba, yote aliyasema yeye na leo tunamzika.

Mabinti zake wako kwangu. Jana niliwapakulia chakula cha jioni, nikahesabu vichwa, wangu watatu na wake wawili, nikautia mlango komeo jua likiwa bado halijazama, maana sijui njia nyingine ya kuwalinda.

Pumzika kwa amani, wifi, wote walikuwepo, na wote walikula.