Barua Niliyoisoma Jumuiyani

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Itikieni taratibu leo, maana nililosimama nalo si la kupigiwa vigelegele.

Wengi mnanijua. Mimi ndiye fundi cherehani wa kambini, mke wa yule anayefanya kazi korona, kwenye mashine za kuchakata mkonge. Na mdomo wangu mnaujua. Nikisema jambo barazani kwangu linafika bombani kabla ndoo haijajaa. Zamani mkinitania hivyo nilikuwa nacheka. Siku hizi sicheki sana.

Nashuhudia habari za binti yangu. Jina lake silitaji. Si kwamba hamlijui, ila ameniomba nisilitaje. Na haya nitakayosema nilimsimulia kwanza yeye mwenyewe, jikoni, akiwa anakuna nazi. Mambo mawili aliniambia niyaondoe, nami nimeyaondoa.

Sisi kwetu ni milimani, Walutheri tangu enzi za babu, tulishuka huku kufuata kazi ya mkonge. Binti yangu alipotimiza miaka kumi na miwili, dada wa mume wangu alikuja na kikapu chake akaniambia, "Wifi, mtoto anakua. Niachie nikae naye siku mbili tatu nizungumze naye." Ndivyo tulivyolelewa. Hata wenzetu wa huku pwani, binti ana somo wake, mwanamke mzima anayemwendea na maswali ambayo hawezi kumwuliza mama yake. Mimi nikamjibu wifi yangu kwa ukali kwamba nimeokoka, na mambo ya unyago hayaingii nyumbani kwangu. Akachukua kikapu chake akaenda zake bila hata kunywa chai.

Lakini ndugu zangu, nilipomfunga mdomo shangazi, mimi mwenyewe wangu sikuufungua. Niliona aibu. Mimi msema hovyo, kwa mwanangu nilipatwa na haya. Nilimwambia maneno matatu tu: jihadhari na wavulana. Kisha nikarudi kwenye cherehani.

Siku moja nilikuwa nafumua upindo wa sketi yake ya shule ili nimshushie, maana alikuwa amerefuka. Ndani ya upindo nikakuta karatasi ya daftari la hesabu, imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama kiberiti. Alikuwa ameishonea humo mwenyewe, kwa mishono ile ile midogo niliyomfundisha mimi. Ilikuwa barua ya kijana wa darasa la saba. Kaandika: mimi ni mzima, hofu ni kwako. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba nikikuona mstarini asubuhi moyo wangu unafurahi. Ukikubali kuwa rafiki yangu nitakununulia barafu ya ukwaju.

Leo nikiikumbuka naona ni barua ya mtoto. Siku ile niliona shimo. Dada yangu mkubwa aliachia shule darasa la sita, na sababu mnaweza kuikisia. Nimekua na hofu ile kifuani. Nikaiacha sketi pale pale, barua nikaichomeka ndani ya Biblia.

Ningemwita nikamwuliza. Sikumwita. Kesho yake ilikuwa Jumatano, zamu ya jumuiya kusalia nyumbani kwangu. Tulipofika kwenye mahitaji ya maombi, nikaitoa barua ndani ya Biblia, nikaisoma yote, kwa sauti yangu hii. Nilipofika kwenye barafu ya ukwaju watu wakacheka. Siwalaumu, hata mimi nilitabasamu. Kisha nikamwita mwanangu kutoka uani, nikampigisha magoti katikati ya mkeka, tukamwombea, tukakemea pepo la mahaba. Wengine wenu mlikuwepo. Mliweka mikono kichwani kwake kwa nia njema, nami niliwashukuru kwa chai na mihogo.

Hakulia. Alikuwa anautazama mkeka. Maombi yalipoisha akainuka, akakusanya vikombe akaenda kuviosha. Nikasema moyoni, ametulia, Bwana ametenda.

Kufika Ijumaa, shule nzima ilikuwa inamwita Barafu ya Ukwaju. Kijana mwenyewe alimkana mbele ya wenzake. Wasichana wa kwaya ya watoto wakawa wakimwona wananong'onezana. Binti mmoja tu hakumcheka, na huyo ndiye niliyekuwa nimemkataza asimsogelee: msichana wa miaka kumi na mitano aliyeacha shule, mwenye simu ya kupewa na mtu asiyemtaja. Wakaanza kuwa pamoja kutwa. Nami nikazidi kufunga na kuomba, Bwana mtenge mwanangu na rafiki mbaya, wakati aliyemsukuma kwa huyo rafiki ni mimi.

Nyumbani alikuwa mtoto mwema kabisa. Shikamoo mama, asante mama, ndiyo mama. Zaidi ya hapo, hakuna. Ndugu zangu, kama hujawahi kuamkiwa na mtoto wako kama unavyoamkiwa na mtu wa kupita njia, mshukuru Mungu.

Jumamosi moja aliniaga kwamba anakwenda darasa la kipaimara. Saa sita mchana nikakutana na mwinjilisti wetu dukani, nikamwuliza habari za darasa. Akaniambia leo halipo, kuna msiba. Niliondoka bila kununua kitu. Nikaenda kwa mama wa yule msichana, naye akasema amesikia wanakwenda Kigombe, ufukweni, na vijana wenye pikipiki.

Nilimwomba jirani anipeleke kwa pikipiki yake. Njia nzima, mkonge huku na mkonge huku, sikuweza kuomba. Mimi niliyeomba kwa sauti ya kusikika kambi nzima, siku ile maneno hayakuja. Nilisema tu, Baba, Baba.

Nilimkuta pale wanapoanikia dagaa. Amekaa kwenye gunia, karibu na mwanamke mzee wa Kigombe aliyejitanda kanga, wote wawili wanachambua dagaa, wanatoa mchanga na takataka. Hakuwa ameumia. Hakuwa ameguswa na mtu. Nalisema hili wazi ili moyo wa kila mzazi hapa utulie, kama wangu ulivyotulia pale nikakaa chini mchangani bila kutandika kitu.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Ndo mamake?"

Nikaitikia. Jina lake ni Bi Mwantumu. Akanieleza machache. Kijana mmoja, mkubwa wa kuota ndevu, alitaka mwanangu apande pikipiki yake peke yake waende mbele, kuelekea Pangani. Yule msichana rafiki yake akamwambia panda, usiwe mshamba. Mwanangu akasema anakwenda kuomba maji ya kunywa, akaja kwa Bi Mwantumu, akanywa, asiondoke tena. Yule kijana alipomfuata, bibi alimwuliza jina la baba yake na jina la mtaa wao, kijana akaona ni heri aende zake, yeye na wenzake.

"Nikamuona mtoto atetemeka," alisema. "Sikumuuliza kitu. Nikampa dagaa achambue. Mikono ilipotulia, akanambia yote."

Yote. Kwa muda usiofika saa moja, mtu asiyemjua, wa dini nyingine, wa kijiji kingine, ameambiwa yote. Nikamwuliza bibi, amekuambia nini? Nilimbana, ndugu zangu, mnanijua. Akaendelea kuchambua dagaa wake.

"Alonambia ni yake na mie," akasema. "Akitaka, atakwambia mwenyewe. Kwani kwenu hana somo?"

Nikamkumbuka wifi yangu na kikapu chake. Mwanangu alikuwa anasikia. Hakuinua kichwa.

Pale ndipo Bwana aliponikomboa, na sikuanguka chini wala sikunena kwa lugha. Nilifunga mdomo. Nilikuwa nimeomba miezi mitatu mtoto afunguliwe, kumbe aliyefungwa ni mama. Nilivuta ungo, nikaanza kuchambua dagaa pamoja nao. Tulichambua mpaka jua likainama na jirani yangu akapiga honi ya kuondoka. 

Nyumbani niliitoa ile barua ndani ya Biblia nikampa. Nikamwambia, mwanangu, hii ni yako, nimekukosea, nisamehe. Akaitazama. Akasema kwa upole, "Baki nayo tu mama. Watu wote wameshaisoma."

Nikarudi jikoni nikalia mbele ya moto. Hili ndilo jambo linaloniuma mpaka leo, na sikuja kuwadanganya kwamba limepona. Wifi yangu nilimfuata kwake kumwomba radhi, akanipokea, na likizo iliyopita mtoto alikaa kwake wiki mbili. Kigombe tunakwenda mara kwa mara kununua dagaa. Mwanangu na Bi Mwantumu wanaongea, wanacheka, hata wanapigana vikumbo. Mimi nakaa pembeni na kikapu changu, nasubiri. Kucheka kwake nakusikilizia huko huko pembeni.

Ndugu zangu, mzazi mwenye mtoto wa umri huu, usiikimbie aibu yako kama nilivyoikimbia mimi. Kaa naye. Kama huwezi, mtafutie shangazi mwema, na usimfukuze. Na ukipata la kumwombea, liombe chumbani. Tuna Mungu ambaye tumemwambia mambo ya ajabu miaka yote, na hajawahi kumsimulia jirani. Huyo mtumainini. Namshukuru kwa mwanangu aliyeomba maji, kwa mkono wa Bi Mwantumu, na kwa rehema ya kunyamaza, maana kwangu mimi huo ni muujiza.

Namalizia. Juzi mchana nilikuwa nashona, yeye ananitungia uzi kwenye sindano, maana macho yangu yameanza kuchoka. Akaushika uzi muda mrefu bila kunipa. Kisha akasema, "Mama, nataka kukwambia kitu. Lakini usikipeleke jumuiya."

Nikasema sitakipeleka.

Akaniambia. Maneno machache tu, kisha akanipa sindano akaenda kuanua nguo. Najua mnangoja kusikia ni nini. Ndugu zangu, nendeni kwa amani, maana hilo sitawaambia.