Mwongoza Wageni Asiyepanda Mlima

Bwana asifiwe, wapendwa. Asifiwe tena, maana hapo wengine mmeitikia huku mnaangalia chupa ya chai. Itakuja, tulieni.

Watu wakisimama hapa kwenye jumuiya husema, "Nilianguka," na sote tunajua wanasema dhambi. Mimi, ndugu zangu, nilianguka kweli. Nilikuwa nashuka na wageni kutoka kilele cha Meru, jiwe likaponyoka chini ya mguu, nikaenda nalo. Wapagazi walinibeba kwenye machela hadi getini wakipokezana, na hakuna aliyelalamika. Daktari alinifunga goti, akanieleza taratibu kwamba nitatembea, ila mlima nisahau.

Nawaambia, bora angeniambia nisahau kula. Tangu ujana kazi yangu ilikuwa hiyo moja, kuongoza wageni kupanda mlima. Kampuni haikunikosea. Walikuja kunipa pole, lakini nafasi yangu akapewa mwingine, kwa sababu wageni hawasubiri goti la mtu. Nikabaki hapa Sombetini, nimekaa kibarazani na fimbo. Mke wangu anatoka asubuhi kwenda sokoni na ndizi zake, mimi namwangalia mgongo. Niliona aibu, jamani. Nikawa najiuliza, mwongoza wageni asiyepanda ni nani?

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ana saluni kule Lemara na wafuasi wengi mtandaoni. Akaniambia siku hizi mtu ni chapa, nijenge jina, wageni wanitafute wenyewe niwapangie safari. Shauri zuri. Shida ikaja kwenye kulitekeleza. Alinivalisha miwani nyeusi, akanisimamisha mbele ya gari la mteja wake, nikaongea Kizungu cha puani. Ukurasa tukauita Mfalme wa Kilimanjaro. Kilimanjaro! Huko nimekwenda, ndiyo, lakini kama mtu anavyokwenda ukweni, unakaa ukingoni mwa kiti. Na Meru huu hapa, unatuchungulia hadi bafuni. Tukasema Meru hauuzi.

Miezi ikapita. Walionipenda mtandaoni walikuwa shemeji, mke wangu, na mtu mmoja anayeuza dawa ya kukuza nywele. Jumamosi moja nikamwambia mke wangu naufunga ule ukurasa, nikaombe kazi ya kulinda geti mjini. Hakunibishia. Hapo ndipo nilipoumia.

Kesho yake, kabla ya ibada, nikatoka uani na mswaki. Mnaikumbuka masika ile, mlima ulivyojificha hadi mtu unasahau kama upo. Nikaona wingu linapasuka. Ndugu zangu, juu kule kulikuwa na theluji! Meru wetu, mweupe kama kitambaa cha madhabahuni. Nikatoa simu nirekodi. Miwani sina, Kizungu sina. Nikajikuta navua kofia. Nikasema, "Shikamoo, mzee."

Ndivyo nilivyokuwa nikiusalimia kila safari kabla ya kuanza kupanda, kama nilivyofundishwa na baba yangu. Halafu nikaanza kuusimulia. Pale msitu unaishia. Pale upepo hukupiga kofi. Nyuma ya bega lile ndipo nilipovunjika, na bado naupenda. Nikaanza kulia. Nikaituma video kwenye ule ukurasa hivyo hivyo, na povu la dawa ya meno mdomoni. Kuna mzee wetu wa kanisa aliniuliza baadaye kama sasa naabudu mlima. Nikamjibu, mzee wangu, hata wewe nakuamkia, na sijawahi kukuabudu.

Tulipotoka ibadani simu ilikuwa imejaa. Watu wa kwetu walioko Omani, Kanada, Ujerumani, wanaandika, "Shikamoo, mlima." Watu nisiowajua wanalia pamoja na mimi! Dada mmoja akaniandikia kwamba mama yake, mzaliwa wa huku Meru, yuko kitandani ughaibuni, haongei tena wala hatambui watoto wake. Alipomwekea ile video, mama akainua kichwa, akaitikia kwa Kimeru. Nikakaa chini. Nilikuwa nimesalimia tu, wapendwa, sikufanya kitu kingine.

Mama yule alifariki. Baada ya maziko dada akapanda ndege, akaja Arusha, akanitafuta hadi akanipata. Nikamwambia mapema asije akasumbuka, "Dada yangu, mimi sipandi."

Akasema, "Najua. Nimekuja kusimama na wewe hapo unaposimama."

Tukasimama uani. Na siku hiyo mlima ulikuwa umefunikwa wote, hata mashamba ya chini hayaonekani. Tukangoja, wapi! Mtu ametoka mbali kiasi kile, nami sina cha kumwonyesha. Basi nikanyoosha fimbo kwenye wingu, nikaanza kusema. Migomba na kahawa za kina mama yako zinaishia hapa. Msitu unaanza hapa, una baridi hata mchana. Hapa miti inakuwa mifupi, hapa ni majivu matupu na mawe, na hapa juu ni mbingu. Nilisema hadi maneno yakaniishia. Wingu halikusogea hata kidogo. Yule dada akafuta macho, akaniambia, "Nimeuona."

Kazi ya mwongoza wageni ni kumfikisha mgeni, na yule dada alifika, na majirani mliotuona ni mashahidi kwamba hakutoka nje ya uzio wetu kwenda mlimani.

Siku hizi wageni wananipigia simu. Nawapangia safari, vijana wanapanda nao, na kabla hawajaondoka nawasimulia mlima. Nawashukuru wapagazi walionibeba, na shemeji aliyeniamini kabla sijajiamini. Mke wangu, ahsante kwa ndizi zilizotulisha. Na wenzangu mnaotaka kujenga jina huko mtandaoni, semeni kile mnachokipenda hadi mnakivulia kofia, hata kama mnaambiwa hakiuzi. Mungu aendelee kutufungulia mawingu, na siku asipofungua, atupe wa kutusimulia.