Bwana Ishaka Mwidani, Mlinzi wa Sakafu na Kanuni za Dansi Changamwe

Jumamosi hii, tarehe 30 Novemba 1963, Bwana Ishaka Mwidani anatimiza miaka kumi na minane ya kuutumikia ukumbi wetu wa Changamwe, na alasiri hiyo hiyo anastaafu. Siku kumi na mbili baadaye nchi yetu itapandisha bendera yake. Mwenyewe husema kwamba yeye na Mwingereza wamepatana kuondoka msimu mmoja, ila yeye atarudisha funguo zote.

Bwana Ishaka ni mzaliwa wa Shika Adabu, Likoni, katika ukoo wa wakulima wa minazi na mihogo. Wageni wakisoma kanuni zake mlangoni, kisha wakaambiwa anatoka Shika Adabu, hudhani tunawatania. Kila asubuhi huvuka kwa feri, akapanda basi la kupitia Makupa, na kabla ya saa moja na nusu madirisha ya ukumbi huwa wazi. Katika miaka hii yote amechelewa mara mbili tu, na mara zote mbili ni feri iliyomchelewesha. Mimi ndiye karani ninayetunza majalada, na nimeona kwa macho yangu kwamba mara zote mbili alijiandikia barua ya onyo, akaitia sahihi, akaiweka katika jalada lake.

Alikuja hapa mwaka 1945 akiwa fundi seremala, mmoja wa mafundi sita waliopiga randa mbao za mvule za sakafu yetu. Kazi ilipokwisha wenzake watano walikwenda zao. Yeye alibaki kuipaka nta, kisha akaomba abaki aitazame mpaka nta ikauke, na mpaka leo hajaondoka. Tangu 1951 amekuwa msimamizi wa ukumbi.

Ambaye hajaiona sakafu ile saa tisa alasiri hajui ninasema nini. Jua huingia kwa upenyo wa madirisha ya magharibi, likalala juu ya mbao kama asali iliyomwagika polepole. Poda inayonyunyizwa ili miguu iteleze huinuka kidogo, ikaelea kwenye ule mwanga, na jozi zikianza kuzunguka mtu hudhani hazikanyagi kitu. Nimeyaona hayo mara nyingi na bado huweka kalamu chini nikatazama.

Lakini mwanzo wa mashindano yetu ya dansi haukuwa mtamu hivyo. Krismasi ya 1956 palipigwa dansi hapa, na kesho yake Bwana Ishaka akapiga magoti akahesabu matundu mia mbili na kumi na mawili yaliyoachwa na visigino vya chuma. Aliyaziba yote kwa nta na unga wa mbao. Kamati ilipotangaza kwamba kutakuwa na mashindano ya wawili wawili kila Julai, ikamuuliza anaonaje. Alirudi siku ya pili na kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji, kikiwa na kanuni kumi na moja kwa penseli. Kamati ilicheka ikisoma, kisha ikazipitisha zote bila kubadili hata nukta, na ndizo zilizochorwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao wa mlangoni.

Wengi wenu mnazijua. Kanuni ya pili inakataza misumari na chuma katika viatu, na mlinzi wake ni kidole gumba cha Bwana Ishaka. Kila mshindani huinua mguu wake juu ya goti la mzee, kama punda anayekaguliwa kwato, na gumba lile likapita kwenye soli nzima. Ya nne inamtaka kila mwanamume awe na kitambaa safi cha mkono, akiweke kati ya kiganja chake na mgongo wa mwenziwe, ili gauni lisilowe jasho. Ya tano inasema jozi ikishaandikishwa haibadilishwi, na isiyokamilika nyimbo zinapoanza imetoka. Ya sita inataka jozi zote zizunguke upande mmoja, ukuta ukiwa mkono wa kulia wa mwanamume. Ya kumi, ambayo waamuzi huipenda kuliko zote, inasema mwenye malalamiko ayalete Jumatatu, akiwa ameshaoga na kulala.

Ninayoipenda mimi ni ya saba. Muziki ukisimama, mwanamume asiuachie mkono wa mwenziwe mpaka amfikishe kwenye benchi lake na kumshukuru. Krismasi ile Bwana Ishaka aliona wasichana wakiachwa katikati ya ukumbi mara wimbo unapokwisha, wanaume wakakimbilia vinywaji, nao wakarudi peke yao huku wakipigiwa miluzi. Aliiambia kamati: "Mmemtoa kwenye benchi kwa heshima, mrudisheni kwa heshima. Hata kiti cha kuazima hurudishwa mahali pake."

Sasa mtaniwia radhi nikijitaja, kwa sababu siwezi kumweleza Bwana Ishaka bila kueleza siku iliyonipa mume. Nimeolewa wiki tano tu zilizopita na bado naandika jina langu jipya kwenye kila karatasi iliyo wazi.

Ilikuwa tarehe 28 Julai 1962, siku ya fainali. Mimi na Kahindi, mfanyakazi wa kreni pale Kilindini, tulikuwa jozi namba tisa. Baba yangu, Mzee Wafula wa reli, aliniruhusu kushindana kwa sababu moja tu, kwamba alizisoma zile kanuni mlangoni mwanzo mpaka mwisho akiwa amevua kofia. Lakini Kahindi alipotuma watu nyumbani kuniomba, Baba alisita. Yeye ni mtu wa bara na Kahindi ni Mgiriama wa Mikindani, hakupajua kwao wala hakujua tabia zake. Akaniambia atakuja ukumbini siku ile moja, atakaa benchi la nyuma, na atamtazama kijana anavyonichukua mbele ya watu. Jibu atakalolitoa baada ya hapo halitarudiwa. Likiwa hapana, Jumatatu ningepanda treni kwenda kwa nyanya yangu bara.

Saa nane u nusu Baba alikuwa ameketi. Saa tisa kasorobo waamuzi walikuwa wameketi. Kahindi hakuwapo.

Absalom, karani wa forodha mwenye suti ya rangi ya maziwa, ambaye mwenziwe alikuwa mgonjwa, alinijia pale benchini.

"Dada Jael, utakaa hapo mpaka benchi lichipue? Mimi hapa, viatu vyangu vimeshakaguliwa."

Kabla sijajibu, Bwana Ishaka alisema kutoka mlangoni, bila kugeuka, "Kanuni ya tano, bwana Absalom."

"Lakini mzee, huyu ameachwa."

"Hajaachwa. Bado dakika nne."

Wallahi nilizihesabu dakika zile kwa mapigo ya moyo. Ilipobaki moja tu, Kahindi akatokea mbio, shati limeloa, na miguuni amevaa buti za kazi zenye chuma kisiginoni. Kazi ya kupakua meli ilichelewa kwisha, na viatu vyake vya dansi vilikuwa nyumbani Mikindani.

"Kahindi," akaita Absalom, "umekuja kucheza dansi au kuteremsha saruji?"

Ukumbi ulicheka, mimi nikainama. Bwana Ishaka alizitazama zile buti, akatikisa kichwa.

"Hizi haziingii, mwanangu."

Watu wakaanza kumwomba kutoka kila upande. Mzee, mwachilie leo tu. Mzee, ni fainali. Hata mwamuzi mmoja aliinuka.

"Leo tu," akasema Bwana Ishaka, "ndiyo iliyomaliza sakafu zote za Mombasa."

Nilimwona Baba akijisogeza mbele kwenye benchi. Ndipo Bwana Ishaka akainama, akafungua kamba za raba zake nyeupe, zile anazovaa akipaka nta, akamsukumia Kahindi. Yeye akabaki peku mlangoni, na kengele ikalia.

Raba ni laini. Haziachi alama yoyote kwenye mbao, na kwa mtu aliyeilinda sakafu miaka mingi hivyo, hakuna kiatu kilicho bora kuliko raba. Lakini Bwana Ishaka hakuwahi kucheza dansi hata siku moja. Hakujua kwamba raba haitelezi.

Bendi ya vijana wa Port Reitz ilianza wolzi, ile dansi ya kuzunguka kwa hatua tatu tatu. Hatua za mwanzo zilikwenda vizuri, kitambaa cha Kahindi mgongoni pangu, mwanga ule wa asali ukituzunguka, saksafoni ikivuta sauti ndefu, na mimi nimekwisha sahau kwamba kuna waamuzi duniani. Kisha tukafika kwenye kona na kugeuka. Mwili wa Kahindi uligeuka, miguu ikabaki. Raba zilikuwa zimeng'ang'ania mbao kama gundi. Akaenda chini kwa goti na kiwiko, mbele ya watu mia tatu, na mkono wake wa kushoto ukiwa bado umeshika wangu wa kulia, umeinuliwa juu kana kwamba tungali tunacheza.

Akainuka. Hakuniachia. Tukaendelea mpaka mwisho, kila kona tukipita kwa hatua za bata, na muziki uliposimama alinirudisha kwenye benchi langu, akaniambia ahsante kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa umenyamaza. Kati ya jozi kumi na mbili tulikuwa wa kumi na mbili.

Baba alikuja polepole kutoka benchi la nyuma.

"Shikamoo, mzee," akasema Kahindi, bado anahema.

"Marahaba. Kijana, ulipokuwa unaanguka ulimfikiria nani?"

"Sakafu, mzee. Nilijua Mzee Ishaka ataniua."

Watu wa karibu wakaangua kicheko. Baba hakucheka.

"Na mkono wa huyu?"

Kahindi aliutazama mkono wangu. "Mkono sikuufikiria, mzee. Ulikuwa pale pale."

Baba alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

"Njoo nyumbani kesho baada ya ibada," akasema. "Uje na viatu vyako."

Jumatatu alasiri Bwana Ishaka alikuja kwetu, kwenye nyumba za reli, amevaa kanzu ya kwendea msikitini. Alikataa kuketi kabla hajasema lake. "Nimekuja kuomba radhi. Kosa ni langu. Miaka sita nawatazama wakizunguka, nikadhani nimejua. Kumbe naijua sakafu kwa juu, sijaijua kwa miguu." Baba alimvutia kiti kwa mkono wake mwenyewe, akaniita nilete chai, nami nikaitika abee na kusimama jikoni nikilia kwa furaha mpaka maji yakamwagika.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa kanuni ya kumi na mbili, ambayo wageni huisoma na kushangaa: Raba hazichezi wolzi. Na hivyo ndivyo lilivyozaliwa kabati lililo kushoto mwa mlango. Ndani yake mna jozi saba za viatu vya soli ya ngozi, vya kila kipimo, alizoziomba kwa watu nyumba kwa nyumba na kuzishona upya mwenyewe. Tangu siku ile hakuna mshindani aliyerudishwa mlangoni kwa sababu ya viatu.

Amefanya mengi mengine. Mashindano yalianza na jozi tisa, na Julai hii yalikuwa na arobaini na sita. Kumbi mbili, moja ya Likoni na nyingine ya Kisauni, zimenakili ubao wetu neno kwa neno. Tangu 1957 hapajapigwa hata ngumi moja ndani ya ukumbi huu, na sakafu ni ile ile ya 1945. Tulipofunga ndoa Oktoba 26, sherehe yetu ilikuwa hapa, na Bwana Ishaka alikagua viatu vya bwana arusi kwa gumba lake, kisha vya Baba, kisha vya mchungaji.

Kuhusu Jumamosi, ratiba ni fupi. Hotuba zitakwisha kabla ya saa kumi, kwa maana mzee hataki kukosa feri wala sala. Saa kumi sakafu itaachwa wazi kwa watu wawili tu, yeye na mkewe, Bi Mwanakheri, ambaye katika miaka hii yote hajawahi kuvuka kizingiti cha ukumbi wetu. Bi Mwanakheri ametuarifu wazi kwamba yeye hachezi dansi mbele ya watu, nasi hatukumwomba. Watatembea tu, mzunguko mmoja, ukuta ukiwa kulia kwa bwana, bendi ikipiga taratibu. Kwa wiki tatu sasa Kahindi amekuwa akimfundisha mzee kutembea kwa wolzi, saa ya chakula cha mchana, stoo kati ya viti vilivyopangwa. Jumamosi ni Kahindi atakayekaa kwenye kigoda cha mlangoni. Atakagua viatu vya kila mtu, vya mzee vikiwa vya kwanza.

Bwana Ishaka, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa ukumbi, na ya kila jozi iliyowahi kuzunguka juu ya mbao zako, tunakushukuru. Tunakuombea afya, siku ndefu na minazi isiyokosa nazi huko Likoni. Feri iwe inakungoja, na jua la alasiri likufuate mpaka barazani kwako. Na Jumamosi muziki ukisimama, mshike Bi Mwanakheri mkono, mtoke naye mlangoni, mpande basi, mvuke maji, na usiuachie mpaka umfikishe kwenye benchi lake.

Jael Kahindi, karani wa ukumbi