Waridi la Fundi Saa

Benchi ni langu na birika la kahawa ni langu, ila mdomo kila mtu kaja na wake. Jana mchana Fundi Saa alifika amekumbatia chungu cha waridi la sebuleni kwake, akakitua katikati ya vikombe vyangu bila hata salamu. Waridi lenyewe lina tumba moja tu, linakaribia kufunguka, na vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani, wamelizunguka shingoni. Mkewe alikuwa kwa binti yao aliyejifungua, na angerudi jioni hiyohiyo. Siku ya kuondoka alimtania, "Likifa, nitajua umenisahau." Wenzake wa benchini, Kinyozi akiwemo, tulicheka. Yeye alikaa na neno hilo moyoni. Basi akavaa lenzi yake ya kutengenezea saa, akashika kibano, akaanza kuwang'oa wadudu mmoja mmoja.

Mimi: Fundi, kwa mwendo huo utamaliza mjukuu akiwa na ndevu.

Fundi Saa: Niache. Nikitoa huyu, kesho wapo wengine. Sijui wanatoka wapi.

Kinyozi: Lete hapa nilinyoe. Mpaka kwenye ngozi! Mdudu atakaa wapi?

Fundi Saa: Thubutu! Na tumba je?

Kinyozi: Litaota lingine. Nywele hazioti?

Hapo Redio akadakia. Tulimpa jina hilo kwa sababu hazimiki.

Redio: Nyie hamjui kitu. Hawa wanapenda utulivu. Sebule ya Fundi imenyamaza tangu shemeji aondoke. Wapigieni kelele, watahama.

Mimi: Kelele zako wanazisikia tangu wafike hapa, mbona hawajahama?

Redio: Wameshazoea. Basi tuwaleweshe. Tuwamwagie kahawa kali, wasilale siku tatu, wachoke wenyewe.

Mimi: Kahawa yangu? Koma kabisa!

Kinyozi: Tununue la plastiki, tulichomeke hapo. Shemeji atajuaje?

Fundi Saa: Atajua. Huwa analisalimia kila asubuhi kabla ya kunisalimia mimi.

Ndipo sauti ikatoka nyuma yetu.

— Hamjambo hapo?

Alikuwa shemeji mwenyewe, begi mkononi, kawahi kuliko alivyosema. Fundi akajaribu kuficha chungu kwa mgongo wake, kibano bado mkononi. Mama wa watu akamsogeza taratibu, akainama, akashika jani moja.

— Kuna mtu amegeuza jani?

Akaligeuza mwenyewe. Chini ya jani vidukari walijaa tele, wamejificha humo. Kinyozi akatazama viatu vyake. Hata Redio alizimika.

— Nipeni maji na sabuni kidogo, na kitambaa laini.

Nikampa. Akafuta jani moja baada ya jingine, juu na chini, akiliepusha lile tumba.

— Tutarudia kila baada ya siku chache, mpaka waishe, akasema. Kwa nini hukunipigia simu?

— Ningekwambia nini? Ungedhani nimekusahau.

Akamgeuza mumewe uso kwenye mwanga kama alivyoligeuza jani. Jicho alilokuwa akilivalia lenzi lilikuwa jekundu, limevimba, lina alama ya duara pembeni.

— Hivi wewe mzee, ni mangapi nayasema kwa utani na wewe unayabeba hivi?

Nikainua birika nimmiminie shemeji, nikakuta kimebaki kikombe kimoja. Wakakinywa wote wawili.