Bawabu Asukile na Damu ya Benedicta

Tarehe 31 Desemba 1958 Bwana Asukile Mwaijande anastaafu ubawabu wa hospitali yetu hapa Mbeya, baada ya utumishi wa miaka ishirini na saba. Wagonjwa watasikitika. Wageni wao, sina hakika.

Alianza kazi mwaka 1931, akapewa kaptula ya kaki, kofia nyekundu ya tarbushi na kanuni moja: mgonjwa mmoja, mgeni mmoja, saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Kaptula zimebadilishwa mara nyingi, kanuni haikuguswa. Mwaka 1947 mke wa Bwana Shauri, yule Mzungu mtawala wa bomani, alikuja asubuhi na maua. Maua yaliingia, mama akabaki nje. Mama mkwe wangu naye alirudishwa siku tatu mfululizo nilipolazwa kwa nimonia, na kwa wema huo sijapata kumshukuru Bwana Asukile hadharani mpaka leo.

Lakini kazi yake kubwa ilianza Aprili 1956, alipoletwa Benedicta, binti wa miaka saba kutoka Kalenga, Iringa. Daktari alisema ana saratani ya damu, akampa miezi miwili. Kulikuwa na vidonge vipya kutoka Ulaya, lakini vidonge peke yake havikutosha. Mtoto alihitaji kuongezwa damu kila mara. Damu ya baba yake, Joachim, haikuchukuana na yake. Mama yake, Matilda, alikuwa mjamzito.

Ukoo ukaarifiwa, nao ukaja. Basi la Iringa lilishusha watu ishirini na watatu na mikeka yao, wakiongozwa na baba mkubwa wa mtoto, Katekista Ambrosi, ambaye alisali pale langoni mpaka saa ya kutazama wagonjwa ikabaki nusu. Bwana Asukile alingoja "Amina," kisha akasema: "Nyie wote ni ndugu? Haya, leo naruhusu wote. Ila ndugu wanapitia mlango ule wa damu. Mkono kwanza, pole baadaye."

Sijapata kuona ukoo ukikumbuka kazi za nyumbani kwa haraka namna ile. Mmoja alikumbuka mahindi, mwingine ng'ombe. Wawili walinong'ona kwamba hospitali ina mumiani, na mumiani mwenyewe ndiye huyu mwenye kofia nyekundu. Katekista Ambrosi alieleza kuwa mwili wake ni hekalu, na hekalu halitobolewi sindano. Walipanda basi la kurudi wakiwa wametuachia pole nyingi sana.

Alibaki mmoja tu, shangazi Damari, muuza ulanzi, ambaye katekista alikataa kukaa naye kiti kimoja safarini. "Chukueni," alisema huku akikunja mkono wa gauni. "Pombe nauza. Hii siuzi, nampa mwanangu."

Damu yake ilifaa. Ya Bwana Asukile nayo ilifaa. Faili lake lina barua tano za onyo kwa kosa la kuacha lango bila mtu. Nimeziandika mimi, karani, na tarehe zake ni zile zile alizokuwa amelala chumba cha damu. Fomu ya onyo haina nafasi ya kuandika sababu.

Benedicta alimwita Babu. Siku moja alimuuliza kwa wasiwasi: "Babu, hii damu yako ya Kinyakyusa, sasa nitaacha ugali nipende ndizi?" Kesho yake Bwana Asukile alipitisha mkungu mzima langoni saa tatu asubuhi, kinyume cha kanuni, na kwa hilo sikuwa na moyo wa kumwandikia barua. Binti alikula, akatangaza kuwa ameshakuwa Mnyakyusa. Januari akaanza darasa la kwanza kwao Kalenga. Miezi miwili ya daktari ilikuwa imefika tisa.

Machi 1957 alirudishwa akiwa amelegea. Shangazi Damari alikuwa njiani, basi lake limekwama matopeni karibu na Rujewa. Bwana Asukile alikuwa ametoa damu wiki iliyotangulia. Alikunja mkono tena, daktari akamkatalia. Tukapimwa watumishi wote. Iliyofaa ilikuwa yangu. Nikasema nina malaria.

Benedicta alifariki kesho yake asubuhi. Daktari anasema damu yangu ingempa wiki tatu, labda mwezi. Shangazi Damari alifika mchana.

Bwana Asukile, watumishi wote wa hospitali tunakushukuru. Nenda salama Tukuyu, ukapumzike kwenye migomba yako, uishi maisha mema na marefu, na wajukuu zako wasikuletee fomu yoyote. Ulijua sikuwa na malaria, wala hukumwambia mtu. Leo nalisema mwenyewe mbele ya wote, kwa sababu nimechoka kusalimiwa nawe kila asubuhi kama mtu mwema.