Sumaku ya Orval Tisdale

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, marehemu Orval Tisdale alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 hapa hapa Hutchinson, Kansas, mtoto wa tatu wa mzee Clete na mama Neva, akasoma hapa hadi sekondari, ambako alisimamishwa wiki mbili kwa kumwambia mwalimu mkuu, mbele ya wazazi, kwamba gari lake jipya liliwahi kupinduka likanyooshwa, na kweli lilikuwa limepinduka.

Mwaka 1968 alianza kazi ya kuthamini magari ya kizamani, yale ya kukatwa paa na kutiwa injini za kishindo, akaifanya hadi uzeeni, silaha yake ikiwa sumaku aliyoivisha soksi isichubue rangi, ikinasa ni chuma, ikidondoka ni puti ya kuzibia mibonyeo au faiba ya plastiki, na wenye magari walimpokea kwa pai wakamsindikiza kwa matusi. "Orval, nidanganye hata kidogo!" alimlilia Mchungaji Lyle, naye akajibu, "Mchungaji, ubavu huu una puti ya kusakafia kanisa."

Tarehe 14 Juni 1969 alifunga ndoa na Darlene, wakajaliwa Roy na Connie, na mwaka 1979 Darlene aliuza farasi wake kipenzi akamnunulia mumewe gari la Ford la 1932, chuma kitupu, kwa kiapo cha muuzaji. Jamani, mlango ukigongwa ulilia kama beseni la plastiki! Darlene mwenyewe alisikia siku ya kwanza alipoliosha, lakini marehemu hakuliwekea sumaku kamwe, na wanaklabu wenzake wa magari ya kizamani walipomchokoza, "Weka basi tuone!", alisema tu, "Hilo halipimwi." Darlene naye aliogopa kuuliza, maana mumewe hakujua kupaka maneno asali, na farasi keshakwenda.

Tarehe 3 Februari 2019 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akalazwa, na tarehe 20 Mei Darlene, akiwa bado na matumaini ya kumrudisha nyumbani, alijikaza akamuuliza, "Baba Roy, lile gari nililokununulia, sema kweli, ni chuma?" Marehemu akamshika mkono, akasema, "Chuma kitupu, mke wangu." Darlene akambusu, akatoka nje, akawapigia watoto simu akilia, "Njooni upesi, baba yenu anakufa, amenidanganya!"

Alifariki tarehe 22 Mei, watoto wote wakiwepo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani kwa mabakuli ya viazi, na wanaklabu wote, hasa wale aliowaharibia biashara, ambao ndio waliobeba jeneza leo.

Pumzika salama, Orval, Darlene anasema amekuamini.