Ngazi ya Kumi na Mbili

Marehemu baba yetu, ambaye wengi mlimwita Mzee Mshono, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu. Alisoma hadi darasa la nane, kisha akahitimu uchomeleaji katika chuo cha ufundi mwaka 1971.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975. Uchumba ulianzia kwenye sufuria iliyotoboka ya nyumbani kwao mama yetu: aliiziba, kifuniko kikakataa kuingia. Alipoirudisha mara ya tatu, mama mkwe aliuliza, "Baba, unaposa binti au sufuria?"

"Nikipewa binti, mama, sufuria nitanunua mpya."

Kwa miaka thelathini na saba alichomelea alumini katika karakana moja. Agosti 2006 waya wa kujazia wenye magnesi uliisha, na wateja walikuwa wakisubiri ngazi kumi na mbili. Akatumia waya wa silikoni. Huo hutiririka vizuri, na mishono ilitoka imenyooka, inang'aa. Lakini alumini ile ilikuwa na magnesi nyingi, na waya huo huifanya mishono yake iwe mikavu kama biskuti. Hukatika bila kupinda kwanza. Msimamizi alipitisha kidole, akasema, "Fundi, hizi ni za kupeleka harusini." Baba alijua, akanyamaza.

Mei 2008 fundi rangi mmoja alianguka kutoka ghorofa ya pili. Ngazi yake, mojawapo ya zile kumi na mbili, ilikuwa imekatika kwenye mshono, na mguu wake haukupona tena. Tangu hapo baba alizitafuta nyingine nyumba kwa nyumba, akizikata kwa msumeno mbele ya wenyewe. Alizipata kumi.

Februari 2022 aligundulika na ugonjwa wa mapafu. Wodini kila mgeni aliulizwa, "Ngazi yenu mlinunua wapi?" Shemeji yake alimtania, "Hata pole hujapokea, umeshaanza upelelezi?" Alicheka hadi akakohoa, kisha akauliza tena. Alifariki tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, binti yake mkubwa akiwa kando yake.

Ya kumi na mbili haijapatikana. Imeegemea ukuta mahali fulani, na kwa macho haina kasoro. Kama zile nyingine, ina nukta mbili zilizogongwa chini ya kipandio cha kwanza. Aliye nayo asiipande, hata kubadili balbu. Amletee binti huyo, msumeno anao.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba na dada mmoja. Mungu amjalie pumziko, nasi tukifika nyumbani leo tuangalie ngazi zetu.